Chungu na Jina la Mfinyanzi: Magdalene Odundo na Wafinyanzi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala hii inaeleza maisha na kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, kwa kuzitazama kutoka mkoa wa Kigoma, mahali ambapo ufinyanzi ni kazi ya kale lakini wafinyanzi wake hawana majina katika kumbukumbu zilizoandikwa. Makala inaonesha kuwa mbinu za msingi za Odundo, yaani kujenga kwa mkono, kung'arisha na kuchoma bila utando wa kioo, ni za ukoo mmoja na mbinu za wafinyanzi wa kando ya ziwa. Kinachowatenganisha zaidi ni kumbukumbu: jina, tarehe na mahali vinavyosafiri pamoja na chombo. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna watafiti wanaoandika kwa Kiswahili wanavyoweza kumtambua mfinyanzi kama mtunzi wa kazi, bila kuvunja miiko ya usiri wa watoa taarifa.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliondoka Ujiji kwa mashua kwenda kuichunguza sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Katika kitabu cha safari zake, kilichochapishwa mwaka 1877, anaeleza jinsi alivyomtazama mwanamke wa nchi hizi za ziwa akifinyanga chungu. Maelezo yake ni ya makini. Mwanamke yule alitwanga kwa mchi udongo uliotosha chungu kimoja, akauweka juu ya jiwe bapa, akaupiga ngumi katikati ili kupata shimo, kisha akapandisha kuta kwa mikono iliyoloweshwa maji kila mara. Alama za vidole alizisawazisha kwa gunzi la mahindi. Vipande vya kibuyu na vya mti vilimsaidia kulainisha na kupata mkunjo wa tumbo la chungu, na mapambo aliyachora kwa kijiti chenye ncha. Chungu hicho hakikuwa bado na kitako. Kiliachwa kivulini kwa saa nne au tano hadi kikakakamaa, ndipo kitako kikaungwa.

Cameron alipima hata muda. Tangu kutwanga udongo hadi kukiweka chungu kando kikauke zilipita dakika 35, na kazi ya kitako aliikadiria kuwa dakika 10 zaidi. Uzuri wa maumbo ulimshangaza kiasi cha kuyalinganisha na mitungi ya kale iliyofukuliwa Pompeii nchini Italia. Kitabu hichohicho kimejaa majina ya watemi, wafanyabiashara, vijiji na mito. Jina la mwanamke aliyefinyanga chungu kile halimo.

Makala hii inaanzia kwenye upungufu huo. Swali lake ni hili: ni nini kinachomfanya mfinyanzi mmoja akumbukwe kwa jina lake kama msanii, na mwingine, mwenye mbinu zinazofanana na zake, abaki kuwa mkono tu usio na mwenyewe? Ili kulijibu, makala inafuatilia maisha ya mfinyanzi mmoja wa Afrika Mashariki ambaye jina lake limeandikwa, kisha inarudi Kigoma. Sababu ya kuchagua njia hii ni kwamba ukosefu hauonekani vizuri mpaka uwekwe kando ya ukamilifu. Maisha ya Odundo yanatuonesha, hatua kwa hatua, namna jina la mfinyanzi linavyojengwa.

2.0 Maisha ya Magdalene Odundo

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na elimu yake ya awali aliipata India na Kenya. Hakuanza kama mfinyanzi. Nchini Kenya alisomea sanaa ya michoro ya kibiashara, na mwaka 1971 alihamia Uingereza kwa lengo la kuendelea na fani hiyohiyo. Alijiunga na chuo cha sanaa mjini Cambridge kwa masomo ya msingi, na huko Uingereza ndiko alikokutana na udongo kama nyenzo ya sanaa. Kisha akajiunga na chuo cha sanaa na usanifu cha West Surrey kilichoko Farnham, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1976.

Kabla ya kuhitimu, katika miaka ya 1974 na 1975, alifanya safari iliyogeuza mwelekeo wa kazi yake. Alikwenda Nigeria, katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Michael Cardew, mfinyanzi wa Kiingereza, kikiwa na nia ya kufundisha gurudumu, tanuri la joto kali na utando wa kioo. Hata hivyo, mtu aliyekipa kituo hicho sifa duniani alikuwa Ladi Kwali, mwanamke wa jamii ya Wagwari aliyejifunza kufinyanga nyumbani kwao kabla Cardew hajafika. Ladi Kwali alijenga mitungi kwa mkono, akizunguka chombo kilichosimama mahali pamoja, pasipo gurudumu. Kwa Odundo, mafunzo haya yalikuwa na maana ya pekee: binti wa Afrika aliyefuata sanaa Ulaya alirudi Afrika kujifunza kutoka kwa wanawake ambao shule za Ulaya zingewaita mafundi wa kijijini. Katika kipindi hicho pia alitazama ufinyanzi wa jadi nchini Kenya.

Safari nyingine ilimfikisha San Ildefonso, kijiji cha wenyeji wa asili wa Marekani katika jimbo la New Mexico. Kijiji hicho kilipata umaarufu kutokana na vyombo vyeusi vinavyong'aa vya Maria Martinez na mumewe Julian. Weusi wa vyombo hivyo hautokani na rangi ya kupaka. Hutokana na moto unaofunikwa kwa samadi ya farasi ili moshi ujifungie ndani na hewa isiingie.

Odundo alifundisha katika Taasisi ya Jumuiya ya Madola mjini London kuanzia mwaka 1976 hadi 1979, kisha akasoma shahada ya uzamili katika chuo cha Royal College of Art, alikohitimu mwaka 1982. Baadaye alirudi Farnham kufundisha, na mwaka 2001 akawa profesa wa ufinyanzi. Mwaka 2008 alipewa nishani ya OBE, mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha University for the Creative Arts, na mwaka 2020 akapewa heshima ya Dame. Mwaka 2019 kazi zake zilioneshwa katika jumba la Hepworth Wakefield pamoja na vyombo vya kale na vya kisasa kutoka sehemu mbalimbali za dunia, na mwaka 2022 alishiriki maonesho ya kimataifa ya Venice. Vyombo vyake vimehifadhiwa katika makumbusho makubwa, yakiwemo British Museum ya London na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika mjini Washington.

Wasifu huu una mfuatano unaostahili kuzingatiwa. Kila hatua iliacha maandishi: cheti, orodha ya maonesho, barua ya uteuzi, kadi ya makumbusho. Mikono ndiyo iliyotengeneza vyombo, lakini maandishi ndiyo yaliyovifunga vyombo hivyo kwa mtu mmoja mwenye jina.

3.0 Kazi Yake: Udongo, Mkono na Moto

3.1 Ujenzi na ung'arishaji

Odundo hatumii gurudumu kwa vyombo vilivyompa umaarufu. Huvijenga kwa mkono, akiongeza pindi za udongo moja juu ya nyingine na kuzibana hadi ukuta uwe mmoja. Njia hii ni ya polepole, nayo ina faida ambayo gurudumu halina. Gurudumu hupenda mduara kamili, ilhali pindi humruhusu mfinyanzi kulitoa tumbo upande mmoja, kuinamisha shingo, au kuupanua mdomo kama unaotaka kusema.

Ukuta ukishakauka kiasi, hung'arishwa. Kisha chombo hupakwa uji mwembamba wa udongo uliochujwa, na kung'arishwa tena. Kung'arisha hulaza chembe ndogo za udongo katika mwelekeo mmoja na kuziba vitundu vya juu, ndiyo maana uso unarudisha mwanga bila kuhitaji utando wa kioo. Wafinyanzi wengi wa Afrika hufanya hivyo kwa kokoto laini ya mtoni, mbegu ngumu au kipande cha kibuyu. Kwa chungu cha nyumbani, ung'arishaji una manufaa ya matumizi, kwa kuwa hupunguza uvujaji. Kwa Odundo, ung'arishaji umekuwa lugha yenyewe ya chombo.

3.2 Moto na rangi

Rangi za Odundo ni mbili kuu, wekundu unaoelekea chungwa na weusi, nazo hutokana na udongo uleule. Udongo mwekundu una madini ya chuma. Ukichomwa katika moto wenye hewa ya kutosha, chuma huungana na oksijeni na kutoa wekundu. Ukichomwa tena katika moto ulionyimwa hewa, oksijeni hunyang'anywa kutoka katika udongo wenyewe, chuma hugeuka weusi, na kaboni ya moshi huingia katika vitundu vya ukuta. Hivyo chombo cheusi cha Odundo kimepita motoni zaidi ya mara moja, na pale moto ulipokigusa bila usawa, wekundu na weusi hukutana katika mwili mmoja.

Yeyote aliyeona vyungu vikichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi kavu anaifahamu kanuni hii hata kama hajui jina la oksijeni. Chungu kilichoegemea gogo hutoka na doa jeusi, na kilichopata upepo hutoka chekundu. Mfinyanzi wa kijijini hutawala jambo hili kwa kupanga kuni, kuchagua saa isiyo na upepo na kujua wakati wa kufunika moto. Odundo hulitawala kwa tanuri. Maarifa ni yaleyale, vyombo vya kuyatekelezea ndivyo tofauti.

3.3 Umbo kama mwili

Wahakiki wa Ulaya na Marekani mara nyingi huvieleza vyombo vya Odundo kama miili ya wanadamu: mwanamke mjamzito, shingo iliyonyooshwa, kichwa chenye nywele zilizosukwa. Kwa msomaji wa Kiswahili, usomaji huo si ugunduzi. Lugha yetu tangu zamani hukitaja chombo kwa viungo vya mwili. Chungu kina mdomo, mtungi una shingo na tumbo, na jagi lina sikio. Odundo ameyaendeleza maumbo ambayo lugha ilikwisha kuyaona. Nundu ndogo anazoziweka ubavuni mwa chombo humkumbusha mtazamaji titi au kitovu, na uinamo wa shingo humkumbusha mtu anayesikiliza.

Jambo la mwisho kuhusu kazi hizi ni majina yake. Nyingi hazikupewa jina lolote, na nyingine zina majina ambayo ni maelezo tu ya umbo na rangi. Odundo hakukipa chombo jina ili kimtambulishe. Utambulisho ameuweka penginepo, kama sehemu inayofuata inavyoonesha.

4.0 Sahihi Kwenye Udongo

Kwenye kitako cha chombo cha Odundo mara nyingi kuna jina lake na mwaka, vilivyochorwa kabla udongo haujachomwa. Ni alama ndogo inayochukua sekunde chache. Lakini ndiyo inayomwezesha mtunza makumbusho, miaka hamsini baadaye, kusema bila kusita kwamba chombo hiki kilitoka mikononi mwa mtu huyu katika mwaka huu.

Walimu wake wawili waliotajwa hapo juu nao walipitia njia hii, kila mmoja kwa namna yake. Vyombo alivyotengeneza Ladi Kwali katika kituo cha Abuja vilipigwa muhuri wenye herufi za kwanza za jina lake, kando ya muhuri wa kituo. Mitungi ya mama na shangazi zake kijijini haikuwa na muhuri wa aina hiyo. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Kwa upande wake, Maria Martinez alianza kutia sahihi vyombo vyake katika miaka ya 1920, wanunuzi walipotaka kujua wananunua kazi ya nani. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akitia sahihi yake kwenye vyombo vya wafinyanzi wenzake ili nao wapate bei nzuri.

Simulizi hilo la Martinez lina uzito kwa mjadala wetu, kwa sababu linaonesha kuwa sahihi si ushahidi mtupu wa nani alifinyanga nini. Ni mali, na kama mali nyingine inaweza kugawanywa, kukopeshwa au kunyimwa. Katika jamii ambayo ufinyanzi hufanywa kwa ushirikiano, mmoja akichimba udongo, mwingine akifinyanga na mwingine akisimamia moto, jina moja kwenye kitako linaweza kuwafuta wengine. Kwa hiyo makala hii haidai kwamba kila chungu cha Kigoma kichorwe jina. Inadai kwamba kumbukumbu zetu kuhusu chungu zisiwe na pengo pale anapostahili kuwepo mtu.

5.0 Kigoma: Vigae Vingi, Majina Machache

Mkoa wa Kigoma una ushahidi wa kale wa ufinyanzi. Huko Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi zilizo karibu na mto Malagarasi, uchimbaji wa kiakiolojia wa J.E.G. Sutton na A.D. Roberts, uliochapishwa mwaka 1968, ulionesha kuwa chumvi ilikuwa ikitengenezwa hapo tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Maji ya chumvi yalichemshwa katika vyungu vilivyowekwa juu ya mafiga ya mawe. Chumvi ya Uvinza ilifika mbali kibiashara, na mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kijerumani uliigeuza kazi hiyo kuwa ya kiwanda.

Inafaa kutafakari maana ya jambo hili. Chumvi haiachi alama ardhini, kwa kuwa huyeyuka na kuliwa. Tunaijua historia ya chumvi ya Uvinza kwa sababu ya vigae vya vyungu vilivyopasuka na kutupwa. Wanaakiolojia huvipanga vigae hivyo kwa mapambo, umbo la mdomo na unene wa ukuta, kisha huvipa vipindi. Bila mfinyanzi, biashara ya karne nyingi isingekuwa na ushahidi wa kushikika. Hata hivyo kigae huingia katika orodha kikiwa na namba ya shimo na kina cha tabaka. Kwa kazi ya kale namna hiyo hatuwezi kudai zaidi, maana waliofinyanga hawapo wa kuulizwa.

Hali ni tofauti kwa karne mbili za karibuni. Ufuko huu ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoandikwa sana na wageni. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Livingstone na Stanley walikutana hapo mwaka 1871, na mahali hapo pana mnara wa kumbukumbu hadi leo. Hata meli imekumbukwa kwa majina yake mawili: Graf von Goetzen, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ndiyo inayojulikana leo kama MV Liemba. Mfinyanzi aliyetazamwa na Cameron kwa saa mkononi aliishi katika kipindi hichohicho cha maandishi mengi. Aliweza kuulizwa jina lake. Hakuulizwa, au jibu lake halikuonekana kuwa na thamani ya wino.

Si kwamba jamii zenyewe hazikuwatambua wafinyanzi wao. Ndani ya kijiji mnunuzi hahitaji maandishi kitakoni, kwa kuwa anajua chungu kimetoka nyumba ya nani, na chungu kikipasuka motoni anajua wa kumlalamikia. Kumbukumbu hii huishi midomoni na machoni. Udhaifu wake ni kwamba huisha pamoja na watu wanaoibeba, na chungu kikivuka mpaka wa kijiji kwenda sokoni, kisha mjini, kisha makumbusho, kinakwenda peke yake.

Kuna pia suala la matumizi. Chungu cha kupikia hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa, ili ukuta uweze kutanuka na kusinyaa motoni bila kupasuka. Mtungi wa maji huachwa uwe na vitundu vidogo ili maji yapenye na kukauka juu ya uso, na kwa kukauka huko yaliyomo ndani yapoe. Huu ni usanifu kamili, wenye kanuni na majaribio ya vizazi. Lakini sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimechukua nafasi kubwa ya chungu na mtungi. Chombo kikikosa mnunuzi, binti hana sababu ya kukaa karibu na mama yake kujifunza. Kwa sababu hiyo suala la kumbukumbu lina haraka: anayeacha kufinyanga leo bila kuandikwa anaungana na mwanamke wa Cameron.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kwa maana ya fundi anayekosa kufaidi kazi ya mikono yake mwenyewe. Katika muktadha wa makala hii inaweza kupanuliwa: mfinyanzi wa Kigoma hulia gaeni pia katika historia, kwa kuwa kigae ndicho pekee kilichobaki kwa niaba yake.

6.0 Mtoa Taarifa au Mtunzi?

Sehemu hii inawahusu moja kwa moja watafiti na watahini wa tasnifu. Ni rahisi kumlaumu Cameron aliyefariki zamani. Ni vigumu zaidi kujiuliza kama tasnifu zetu zinafanya tofauti.

Utaratibu wa kawaida wa utafiti wa uwandani huelekeza kuwa majina ya watoa taarifa yafichwe. Mfinyanzi aliyeonesha kazi yake kwa siku nzima huingia katika sura ya nne kama "Mtoa taarifa Na. 4, mwanamke, umri wa miaka 60 na kuendelea". Picha ya chungu chake huwekwa katika kiambatisho ikiwa na jina la aliyepiga picha. Nia ya utaratibu huu ni njema. Mtu aliyeeleza ugomvi wa ardhi, ugonjwa au kipato cha nyumba yake anastahili kulindwa. Tatizo huzuka pale kanuni iliyokusudiwa kulinda siri za mtu inapotumika kuficha utunzi wake. Hakuna mtafiti anayemwandika mshairi wa diwani kuwa "Mtoa taarifa Na. 4" anapochambua mashairi yake. Akifanya hivyo kwa mfinyanzi, amekwisha kuamua, bila kuijadili hoja hiyo, kwamba chungu si utunzi.

Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inatupa msingi wa kufikiri upya. Sheria hiyo inazitambua kazi za sanaa tumizi, ziwe zimetengenezwa kwa mikono au kiwandani, na inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Wakati huohuo inalinda sanaa za jadi zinazorithiwa na jamii nzima. Ufinyanzi wa Kigoma unagusa pande zote mbili. Mbinu, maumbo ya msingi na mapambo ya kawaida ni urithi wa wengi, ilhali chungu hiki mahususi, chenye uamuzi huu wa shingo na mchoro huu wa begani, ni kazi ya mtu. Kwa Odundo hakuna anayeona mgongano katika jambo hili. Amejifunza kutoka kwa Wagwari na kutoka San Ildefonso, na bado chombo ni chake. Haki hiyohiyo ya kurithi kutoka kwa wengi na kutunga kama mtu mmoja inapaswa kukubaliwa kwa mfinyanzi wa Buha.

Kutokana na hoja hiyo, makala inapendekeza mambo matatu. La kwanza, fomu ya ridhaa iwe na maswali mawili yanayojitegemea: kama mshiriki anataka jina lake lifichwe katika maelezo ya maisha yake, na kama anataka jina lake liandikwe kwenye kazi zake. Jibu la swali moja lisichukuliwe kuwa jibu la jingine, na anayekataa yote mawili aheshimiwe. La pili, kila chombo kinachopigwa picha au kununuliwa kwa utafiti kiambatane na kumbukumbu fupi: nani alikifinyanga, nani alimfundisha, udongo ulichimbwa wapi, kilichomwa kwa kuni gani na lini, na jina la chombo katika lugha ya mfinyanzi. Pale waliposhirikiana wengi, wote watajwe. La tatu, watahini waulize kuhusu kumbukumbu hiyo kama wanavyouliza kuhusu sampuli na nadharia.

Inaweza kupingwa kwamba jina haliongezi bei ya chungu. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi. Odundo hakufika alipofika kwa sababu ya kuchora jina kitakoni tu, maana nyuma yake kulikuwa na vyuo, safari, makumbusho na wanunuzi wenye uwezo. Mfinyanzi wa kando ya ziwa hatapata hayo kwa kuandikwa katika tasnifu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachowezekana kwa mtu asiyetajwa. Makumbusho haiwezi kumwalika "mwanamke mmoja wa Kigoma", wala mjukuu hawezi kudai kazi ya bibi yake ikiwa bibi huyo ni namba katika jedwali.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza maisha ya Magdalene Odundo tangu Nairobi hadi Farnham, mbinu zake za kujenga, kung'arisha na kuchoma, na namna sahihi ilivyofunga vyombo vyake kwa jina lake. Imeonesha kuwa mbinu hizo hazimtengi na wafinyanzi wa Ziwa Tanganyika. Vyombo vya Odundo vingi havina majina, ila mwenyewe anajulikana. Kigoma ni kinyume: kila chombo kina jina kulingana na kazi yake, chungu, mtungi, kigae, na mwenyewe hajulikani.

Tofauti hiyo haikuletwa na udongo, wala mkono, wala moto. Ililetwa na kalamu, na kwa hiyo ni kalamu inayoweza kuirekebisha kwa wale walio hai. Cameron alipata dakika 45 za kumtazama mfinyanzi mmoja kando ya ziwa hili na akaandika karibu kila kitu. Mtafiti wa leo hukaa uwandani kwa miezi. Kuuliza jina, na kuuliza kama mwenye jina anataka liandikwe, ni kazi ya dakika moja.